Kiswahili cha fomu ya figo: Mfadhili ni nani, na nani kamkataa nani?

Mwezi uliopita alinijia ofisini mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari magharibi mwa Kenya. Nilidhani amekuja kuomba barua ya mapendekezo ya shahada ya uzamili, maana hilo ndilo huwarudisha wengi. Wapi! Alichomoa kwenye bahasha ya kaki karatasi nne zilizobanwa pamoja, akaziweka mezani pangu.

"Mwalimu, naomba unisaidie kusoma hii."

Nikacheka. Mtu niliyempa alama ya A katika semantiki ananiomba nimsaidie kusoma Kiswahili? Yeye hakucheka.

Kaka yake mkubwa figo zimefeli, zote mbili. Ni mwaka wa pili huu anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Ndugu walipopimwa, huyu mwalimu ndiye aliyeonekana kulingana naye kwa kundi la damu na kwa vipimo vingine. Hospitali, ambayo sitaitaja, ilimkabidhi fomu ya idhini katika lugha mbili. Akachukua ya Kiswahili ili mama yao naye aisome, kwa kuwa mama alisema hakuna mwanawe atakayepasuliwa kabla yeye hajaelewa kunatendeka nini.

Mpenzi msomaji, kwa zaidi ya miaka 30 nimehakiki riwaya, tamthilia na diwani za mashairi. Leo ninahakiki fomu. Fomu nayo ni matini, ina mtunzi, ina hadhira, ina msamiati uliochaguliwa au uliookotwa. Tofauti ni kwamba msomaji wa riwaya akiipotoa maana hapungukiwi na kitu mwilini.

Nianze na neno lililomkwaza mama. Kote katika fomu hiyo, anayetoa figo anaitwa "mfadhili". Mfadhili atalazwa siku moja kabla. Mfadhili asile chochote usiku huo. Kisha ukurasa wa pili, kwa herufi nzito: "Mfadhili hatalipwa." Mama alipofika hapo akainua macho kwa furaha: "Kumbe mmepata mfadhili! Basi huyo mfadhili si atoe na figo, mwanangu akae na yake?"

Tusimcheke mama. Kwa miaka mingi Mkenya amesikia redioni kwamba wafadhili wamezuia fedha, wafadhili wamejenga zahanati, wafadhili wametishia kujiondoa. Masikioni mwetu mfadhili ni mwenye kulipa, na mara nyingi anatoka ng'ambo. Sentensi isemayo mfadhili hatalipwa ni kama kusema mvua hainyeshewi. Aliyeitafsiri fomu alikutana na neno la Kiingereza linalobeba maana zote mbili, mtoaji wa misaada na mtoaji wa kiungo, akachukua la kwanza lililomjia akalibandika.

Ila kosa lenyewe lina kina kuliko hapo. Mfadhili ni mtenda fadhila, nalo jina fadhila limetujia kutoka Kiarabu likiwa na wema wa mtu asiyelazimika. Fadhila huacha deni. Waswahili walilijua deni hilo mapema wakasema: fadhili mbuzi utakunywa mchuzi, binadamu ana maudhi. Ukimwita ndugu "mfadhili" wa nduguye, umeuleta mzigo huo wote hadi kitandani. Wanasosholojia wawili wa Marekani, Renée Fox na Judith Swazey, waliofuatilia wagonjwa wa upandikizaji kwa miongo kadhaa, waliona jinsi zawadi ya kiungo inavyoweza kumtawala anayeipokea: hawezi kuilipa, hawezi kuirudisha, na aliyempa anaweza kuanza kujiona ana haki juu ya maisha yake. Zawadi hiyo waliilinganisha na dhuluma. Mwanafunzi wangu aliniambia kwamba tangu fomu ifike nyumbani, kaka yake amekuwa akimwita "mfadhili wangu" kwa mzaha. "Mwanzoni nilicheka, mwalimu. Sasa sijui kama ni mzaha."

Wapo wanaopendekeza "mchangiaji". Kwa damu halina neno. Mchango ni wa wengi, kila mmoja anatia kidogo kapu likajaa, ndiyo harambee. Mtu anaweza kuchangia damu leo na baada ya miezi akachangia tena. Figo haichangwi namna hiyo. Anayo mbili, anatoa moja, basi. Mimi ningebaki na "mtoaji". Ni neno la kila siku, halidai shukrani, na hata methali iko upande wake: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Najua pingamizi litakalokuja, kwamba mtoaji anaweza kuwa daktari mwenye kisu. Ndiyo maana kitendo cha daktari kiitwe "kuondoa". Fomu hii inatumia "kutolewa figo" kwa mambo yote mawili, na "kutolewa figo" masikioni mwa wengi kunasikika kama habari ya polisi.

Nimesema habari ya polisi kwa sababu. Aprili mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji wa figo katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Eldoret kufuatia tuhuma kwamba vijana wasiojiweza walikuwa wakishawishiwa kuuza figo. Sitaki kuhukumu yaliyo mikononi mwa wachunguzi. Ninachosema ni kuhusu lugha tu: mtu akilipwa, yeye ni muuzaji. Kumwandika "mfadhili" kwenye fomu ni kumvika kanzu nyeupe aliyemnunulia. Na teknolojia haitungoji. Machi mwaka 2024 madaktari wa Massachusetts General Hospital kule Boston walimpandikiza Richard Slayman, mwenye umri wa miaka 62, figo ya nguruwe aliyefanyiwa marekebisho 69 ya kijeni. Alifariki Mei mwaka huohuo, na hospitali ikasema hakuna dalili kwamba figo ile ndiyo iliyomuua. Je, tutamwita nguruwe naye mfadhili?

Neno "kupandikiza" lenyewe sina ugomvi nalo. Limetoka shambani. Mkulima wa mpunga kule Mwea au Ahero huotesha miche kitaluni kisha akaihamishia majarubani, na anajua kwamba mche uliohamishwa hunyauka siku za kwanza kabla ya kushika. Taswira hiyo inamfaa mgonjwa. Lakini mtafsiri hakutosheka. Akaiita figo yenyewe "pandikizi". Jamani! Pandikizi la mtu ni jitu, mtu wa miraba minne. "Pandikizi litachunguzwa kila siku kwa wiki ya kwanza" inaniletea picha ya bondia kalazwa wadini. "Figo iliyopandikizwa" ingetosha.

Hebu sasa tufike ukurasa wa tatu, penye sentensi iliyoniacha nimekodoa macho: "Kuna uwezekano mwili wa mnufaika ukamkataa mfadhili." Yaani mwili wa kaka umkatae mdogo wake! Kinachokataliwa ni figo. Huenda ni kuteleza kwa kalamu tu, lakini kumbuka nani anasoma: ndugu ambaye tayari halali usiku akijiuliza kama atakubalika, na mama ambaye katika ukoo wake kukataliwa na nduguyo ni jambo la kuitishwa kikao cha wazee.

Kukataa huku kuna historia ndefu, na mtafsiri angeijua kidogo angeandika vizuri zaidi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Peter Medawar wa Uingereza alishughulika na watu walioungua, akaona ngozi iliyotoka kwa mtu mwingine inashika kwa siku chache kisha inakufa, na ukirudia kwa ngozi ya mtu yuleyule inakufa upesi zaidi. Mwili ulikuwa umekumbuka. Hapo akajua kwamba ni kinga ya mwili inayofanya kazi yake, ileile inayopigana na vijidudu. Tarehe 23 Desemba 1954, Joseph Murray na wenzake walifaulu kupandikiza figo mjini Boston kwa kuwa Ronald Herrick na Richard Herrick walikuwa pacha wa kufanana, na kinga ya Richard haikuiona figo ya Ronald kuwa ngeni. Kwa sisi wengine tusio na pacha ilibidi zitafutwe dawa. Mojawapo, siklosporini, ilipatikana katika kuvu wa udongo uliochotwa Norway, na ikaidhinishwa Marekani mwaka 1983. Tangu hapo upandikizaji ukaacha kuwa ujasiri wa wachache ukawa tiba.

Dawa hizo fomu inazielezaje? "Mnufaika atapewa dawa za kusababisha upungufu wa kinga mwilini kwa maisha yake yote."

Soma tena polepole. Upungufu wa Kinga Mwilini. Ni Mkenya gani aliyeishi miaka ya themanini na tisini asiyejua ufupisho wa maneno hayo? UKIMWI. Mama aliuliza, kwa sauti ya chini ili jirani asisikie: "Wanataka kumtia mtoto wangu ugonjwa ule?" Na mwanawe, mwenye shahada, hakuwa na jibu la haraka, kwa sababu kwa kweli karatasi ilikuwa imeandika hivyo.

Hili si suala la madoido. Mgonjwa akiziogopa dawa hizi akaziacha, kinga inaamka na figo inaharibika, na figo ya pili haiokotwi njiani. Mtafsiri alikuwa na njia nyingi. Wengine huandika "dawa za kukandamiza kinga", ambayo ni sahihi ingawa ina harufu ya udikteta. Mimi ningeandika "dawa za kutuliza kinga", halafu niongeze sentensi moja: kinga ya mwili ni kama askari, na dawa hizi huwaambia askari wasiishambulie figo mpya, lakini askari wakitulia, hata maradhi madogo hupata nafasi, kwa hiyo mgonjwa ajihadhari na aende hospitali akipata homa. Sentensi ndefu? Ndiyo. Bei ya wino si kubwa.

Ukurasa huohuo una aya kuhusu utafiti, nayo ndiyo ilinikera zaidi kama mwanachuo. Inasema: "Sampuli za tishu zako zinaweza kuhifadhiwa kwa ajili ya utafiti wa baadaye." Nilimuuliza mwalimu, mama alielewaje tishu? Akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mama alielewa vile mimi na wewe tungeelewa tukiwa hotelini: karatasi laini ya kufutia mikono. Alishangaa hospitali inayotaka kuhifadhi shashi. Katika vitabu vyetu vya biolojia tishu ni istilahi halali, sikatai. Katika fomu inayosomwa na mama wa watu, ungeandika "vipande vidogo vya mwili wako, kama vile damu au nyama ya figo".

Kichekesho hicho kina upande mchungu. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins kule Baltimore, seli za Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani mweusi aliyeugua saratani, zilichukuliwa kwa ajili ya utafiti bila yeye kuombwa ruhusa. Zinaendelea kukuzwa maabarani hadi leo kote duniani. Ni mwaka 2023 tu ndipo familia yake ilipopatana na kampuni moja iliyokuwa ikiuza bidhaa zitokanazo na seli hizo. Kwa hivyo mtu anapoombwa ruhusa ya kuhifadhiwa "tishu", ni haki yake kujua ni nini, itawekwa wapi, itatazamwa na nani na inaweza kuonyesha nini.

Na kuonyesha, inaweza kuonyesha mengi. Mwaka 2010 watafiti walitambua maumbo mawili ya jeni iitwayo APOL1 ambayo mtu akiyarithi kutoka kwa wazazi wote wawili, uwezekano wake wa kuugua figo huongezeka. Maumbo hayo hupatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi, na yanadhaniwa kuenea kwa sababu yanamkinga mtu dhidi ya aina fulani za vimelea vya malale. Anayeyarithi maradufu kisha akatoa figo moja huenda anajitia hatarini zaidi. Haya ni maarifa yenye uzito. Fomu inayafupisha kwa maneno mawili: "jeni mbaya". Mbaya kwa nani? Jeni iliyowalinda mababu dhidi ya malale si mbaya, na mtu akiambiwa ana jeni mbaya anaisikia kama laana ya ukoo.

Sasa hatari. Fomu ya Kiingereza, niliilinganisha mstari kwa mstari, ina aya nzima kuhusu hatari kwa mtoaji. Ya Kiswahili ina sentensi moja: "Kuna hatari ndogo." Hapa mtafsiri hakukosea neno, aliamua kwamba msomaji wa Kiswahili hahitaji kujua. Hilo ndilo kosa nisilolisamehe.

Takwimu zipo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, uliohusu watoaji zaidi ya 80,000, ulikuta kwamba takriban 3 katika kila 10,000 walifariki ndani ya siku 90 za upasuaji. Mwingine wa mwaka 2014 ulitazama mbele zaidi: katika miaka 15, takriban 31 kati ya kila watoaji 10,000 walifikia kushindwa kabisa kwa figo, ilhali kwa watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa ni takriban 4. Kwa watoaji weusi idadi ilikuwa takriban 75, na kwa weusi wenye afya ambao hawakutoa, 24. Ni kweli waliochunguzwa ni Wamarekani, na mwalimu wetu wa magharibi mwa Kenya hawezi kutwishwa takwimu za watu ambao mababu zao wengi walitolewa pwani ya Afrika Magharibi. Hata hivyo, ndizo takwimu tulizo nazo, na yeye ni mtu mzima.

Nilimwandikia nambari hizo nyuma ya bahasha yake. Akazitazama kitambo.

"Kumbe ni chini ya mmoja katika mia?"

"Ndiyo."

"Mbona hawakusema? Mimi nilikuwa nimejiandalia nusu kwa nusu."

Yaani kule kumficha ili asiogope ndiko kulikomwogopesha. "Hatari ndogo" haina kipimo, kila mtu huijaza kwa hofu yake mwenyewe. Angalau angeambiwa pia kwamba figo inayobaki hukua na kuongeza bidii, na baada ya miezi hufanya takriban asilimia 70 ya kazi iliyokuwa ikifanywa na zote mbili.

Watetezi wa fomu watasema Kiswahili hakina istilahi. Hoja hii nimeisikia tangu nilipokuwa kijana mwenye nywele nyeusi na sasa imenichosha. Katika karatasi zile nne, palipoharibika hapakuhitaji istilahi hata moja mpya. Palihitaji mtu wa kujiuliza: nani atasoma? Wala si hisani. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu, pale inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Fomu yenye maneno ya Kiswahili si lazima iwe katika lugha anayoielewa Mswahili.

Na bado, haki ya mhakiki ni kusifu panapostahili. Ukurasa wa mwisho una kifungu kilichonakiliwa kutoka fomu za utafiti, kisemacho kwamba mshiriki anaweza kujiondoa wakati wowote. Katika utafiti wa dodoso ni sawa. Katika figo si kweli, ikishaondolewa hujiondoi. Sasa, chini ya kifungu hicho, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa haraka, bila hata kukamilisha herufi: "Ukibadili nia, hata kama ushafika mlangoni pa theatre, niambie mimi au sista yeyote. Tutasema vipimo vimekataa. Hakuna atakayejua ni wewe."

Nilimuuliza ni nani aliyeandika. Akasema ni muuguzi wa zamu ya usiku, aliyemwona amekaa peke yake kwenye benchi la korido akiwa na fomu mapajani. Nimeisoma mistari hiyo mara nyingi. Haina istilahi, ina neno la Kiingereza katikati, na sarufi yake ningeikosoa kwenye mtihani. Lakini inamjua msomaji wake: inajua kwamba mdogo mtu haogopi kisu kama anavyoogopa uso wa mama siku atakaposema hapana. Ndiyo sehemu pekee ya fomu iliyoandikwa na mtu aliyekuwa akimwandikia mtu.

Tuliketi hadi saa kumi na moja jioni tukiipitia upya, mimi kwa penseli, yeye kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia insha. Tulibadilisha mfadhili kuwa mtoaji kila mahali. Tuliandika "dawa za kutuliza kinga". Tulizitia takwimu. Alipoipeleka hospitalini alipokewa kwa heshima, akaambiwa mapendekezo yatafikishwa kwa kamati husika, ila kwa sasa sahihi inayotambulika ni ile ya kwenye fomu iliyochapishwa.

Wiki jana alinipigia simu. Ametia sahihi. Mama alisoma nakala yetu ya penseli kwanza, akauliza maswali mawili kuhusu kazi za shamba baada ya upasuaji, kisha akamwambia aende. Upasuaji ni mwezi ujao. Nilimuuliza kaka yake anamwitaje siku hizi.

"Ananiita jina langu, mwalimu," akasema.